Kufundisha Utambuzi wa Mbegu za Muhogo kwa Majani Yake

Mwalimu mwanafunzi anapopelekwa katika shule ya kijijini kwa mazoezi ya kufundisha, jambo analolilalamikia kwanza ni uhaba wa zana. Vitabu ni vichache, picha hazipo, na maabara haijajengwa. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, kwa mada ya mimea, katika sehemu nyingi za mkoa wa Kagera ipo zana isiyohitaji fedha wala kibali, nayo ni jani la muhogo. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi nilivyolitumia jani hilo nilipokuwa nikifundisha darasa la tano huko Nyakisasa, wilayani Ngara. Zaidi ya hayo, nataka kusisitiza jambo moja ambalo naona halipewi uzito wa kutosha katika maandalio yetu ya masomo: kumfundisha mtoto kutambua kitu kwa alama zake ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfundisha mipaka ya alama hizo.

Tuanze na muhogo wenyewe. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na ulifika Afrika kwa njia ya Wareno katika karne ya 16. Mkulima haupandi kwa punje bali kwa pingili zinazokatwa katika shina la mti uliokomaa. Kwa sababu hiyo, mti unaomea leo si mtoto wa mti wa zamani kwa maana ya kawaida. Ni mti ule ule ulioendelezwa. Pingili ambayo bibi alipewa siku ya arusi yake na akaigawa kwa wakwe na majirani hubeba tabia zile zile za mti wa kwanza, zikiwamo umbo la majani yake. Hapo ndipo lilipo jambo zuri kwa mwalimu. Mtoto anapochora jani la muhogo wa nyumbani kwao, anachora kitu ambacho huenda babu wa babu yake alikitazama vile vile.

Pengine msomaji aliyezoea bustani atauliza kama njia hii yafaa kwa mimea mingine, nyanya kwa mfano. Yafaa, lakini kwa tahadhari. Watunzaji wa mbegu za nyanya za zamani katika nchi mbalimbali hutofautisha makundi mawili makubwa kwa jani. Kundi la kwanza, ambalo ndilo kubwa zaidi, lina majani yenye kingo zilizochongoka kama meno ya msumeno. Kundi la pili lina majani mapana yenye kingo laini, yanayofanana na majani ya viazi mviringo. Brandywine, nyanya maarufu ya kale ya Marekani, ni ya kundi hili la pili. Tabia ya jani la kiazi hujificha inapochanganyika na ile ya jani la msumeno. Hivyo mtu akisia mbegu alizozitoa katika nyanya ya jani la kiazi, kisha akaona miche yenye meno ya msumeno, anajua mapema kabisa kwamba mbegu yake ilichanganyika na nyingine, iwe shambani au mkononi. Lakini mkulima wa Tanzania aliyezoea Marglobe na Money Maker hapati msaada huo, kwa kuwa zote mbili zina jani la msumeno. Jani linatenga makundi. Halimtaji kila mmoja kwa jina lake. Kanuni hiyo ya nyanya ndiyo tutakayoikuta tena kwenye muhogo.

Alama za jani la muhogo ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Jani moja limegawanyika katika sehemu ndefu ambazo watoto huziita vidole, nami niliona ni vema kulitumia neno lao. Idadi ya vidole aghalabu ni namba witiri: 3, 5, 7 au hata 9. Kidole cha kati chaweza kuwa kipana katikati na kuchongoka nchani, au chembamba kama jani la nyasi, au kilichobinywa kiunoni kama kibuyu. Kikonyo, yaani kijiti kinachoshika jani kwenye shina, chaweza kuwa cha kijani, chekundu, cha zambarau au chenye mchanganyiko wa rangi. Majani machanga ya kileleni nayo huwa na rangi yake, ya kijani hafifu au ya zambarau iliyokoza.

Watafiti wa muhogo, wakiwamo wale wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Tropiki (IITA) yenye makao yake Ibadan, Nigeria, wana utaratibu wa umri katika kuzitazama alama hizi. Rangi ya majani ya kileleni hutazamwa mti ukiwa na miezi 3. Umbo la kidole cha kati na rangi ya kikonyo hutazamwa ukifikia miezi 6. Rangi ya shina husubiri hadi miezi 9. Utaratibu huu si urasimu. Jani hubadilika kadiri mti unavyokua, na anayelinganisha mti wa miezi 3 na mti wa miezi 9 analinganisha mtoto na mtu mzima.

Sasa nieleze vipindi vyenyewe. Nilikuwa na wanafunzi 64, niliowagawa katika vikundi 8. Katika kipindi cha kwanza sikuwaambia lolote juu ya aina za muhogo. Kila kikundi kilipewa mti mmoja katika shamba la shule na kuagizwa kuchagua majani 5 ya mti huo, kuhesabu vidole vya kila jani bila kulichuma, na kuandika hesabu hiyo. Waliporudi darasani, vikundi kadhaa vilikuwa na 3, 5 na 7 katika mti mmoja. Palizuka ubishi. Baadhi walisema kikundi fulani kimechanganya miti miwili. Niliwarudisha shambani waone wenyewe. Msichana mmoja ndiye aliyegundua kuwa majani yenye vidole vichache yalikuwa karibu na maua, pale shina lilipogawanyika panda, na yale yenye vidole vingi yalikuwa katikati ya mti. Darasa lenyewe, si mimi, likatunga kanuni: tulinganishe jani la katikati na jani la katikati, la mti wenye umri sawa.

Napenda mwalimu mwanafunzi aitafakari hatua hii. Ningeweza kuiandika kanuni hiyo ubaoni katika dakika moja, na watoto wangeinakili kwa hati nzuri. Wasingejua, hata hivyo, kanuni hiyo imekuja kutibu maradhi gani. Kanuni aliyoidai mtoto mwenyewe baada ya ubishi haisahauliki upesi.

Katika kipindi cha pili kila kikundi kilitengeneza kadi kutokana na maboksi makuukuu. Kadi ilikuwa na safu nne: idadi ya vidole, umbo la kidole cha kati, rangi ya kikonyo, na rangi ya kilele. Pembeni walichora jani kwa kulilaza juu ya karatasi na kulizungushia penseli. Kwa kadi hizo miti ya shamba letu iligawanyika katika makundi matatu. Ndipo nilipowauliza majina. Walinipa majina mengi kuliko makundi, kwa Kishubi, kwa Kihangaza na kwa Kiswahili, na watoto wa nyumba mbili jirani waliuita mti mmoja kwa majina mawili. Niliyaandika yote ubaoni bila kulifuta hata moja.

Ubishi wa kweli ulizuka mwishoni mwa kipindi hicho. Mvulana mmoja alinyanyua kadi ya muhogo wenye vidole vyembamba, akasema kwa uhakika, "Huu ni mtamu, Mwalimu. Nyumbani tunautafuna mbichi." Msichana aliyekaa nyuma yake akajibu hapo hapo, "Kwetu wa vidole vyembamba ndio mchungu. Mama anauloweka." Wote wawili walikuwa wanasema kweli juu ya nyumba zao. Lakini darasa zima liligeuka kunitazama mimi, likingoja niamue kwa kutumia jani.

Hapa ndipo somo la sayansi linapogusa uhai wa mtoto. Muhogo una kemikali ambayo, mmea ukikatwa au kutafunwa, huzaa sumu ya sianidi. Katika mihogo inayoitwa mitamu kiasi chake kwenye mizizi ni kidogo. Katika ile michungu ni kikubwa, na hauliki mpaka utayarishwe kwa kulowekwa, kuvundikwa au kusagwa na kuachwa, kisha kuanikwa. Majani nayo yana kemikali hiyo, tena kwa wingi, na ndiyo maana kisamvu hutwangwa na kuchemshwa sana. Wanasayansi hawajapata umbo la jani litakalokuwa alama ya kuaminika ya utamu au uchungu wa mizizi. Tena mti ule ule waweza kuzidisha sumu ukipatwa na ukame au ukipandwa mahali pengine. Kwa hiyo hata anayelijua jani vizuri hapaswi kulipa jani mamlaka lisilokuwa nayo.

Wala hofu hii si ya vitabuni tu. Upo ugonjwa uitwao konzo, ulioelezwa kwa mara ya kwanza na daktari Trolli huko Kongo mwaka 1938, ambao hulemaza miguu ghafla na kwa kudumu. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Unahusishwa na kula kwa muda mrefu muhogo mchungu usiotayarishwa vya kutosha, hasa pale mlo unapokosa protini. Katika nchi yetu ulizuka wilayani Tarime, mkoani Mara, mwaka 1985. Ulikuwa wakati wa ukame. Njaa iliwafanya watu wafupishe siku za kuutayarisha muhogo. Hawakukosa maarifa ya kuutayarisha. Walikosa muda. Mwalimu wa darasa la tano ambaye watoto wake hutafuna muhogo mbichi njiani wakirudi nyumbani hana ruhusa ya kuliacha jambo hili kwa kuwa halimo katika andalio la siku hiyo.

Kwa kipindi cha tatu nilimwomba mzee wa kike, mkulima wa jirani na shule, aje kuwa mgeni wetu. Watoto walimwamkia kwa pamoja, "Shikamoo Bibi," naye akaitikia na kuketi kwenye kiti kilichowekwa chini ya mti. Nilimpa kadi ya vidole vyembamba pamoja na tawi lenyewe, nikaeleza ubishi wetu. Hakulijibu swali. Kwanza aliuliza mti una umri gani. Kisha akauliza pingili zilitoka kwa nani. Hakuna aliyejua, shamba la shule lilikuwa limepandwa na darasa lililokwisha kuhitimu. Aliparua shina kwa ukucha, akaomba ung'olewe muhogo mmoja, akatazama rangi ya ganda la ndani. Mwisho alisema, "Wajukuu zangu, jani linanikumbusha mti ninaoufahamu. Mti nisioufahamu, hata jani lake liwe zuri namna gani, naloweka kwanza."

Sina hakika kama chuoni niliwahi kufundishwa mbinu za uchunguzi kwa ufasaha zaidi ya huo. Bibi yule alitenganisha mambo mawili ambayo watoto, na pengine sisi walimu pia, huyachanganya. Jambo la kwanza ni kutambua, yaani kuuona mti na kujua ni yule niliyekwisha kuonana naye. La pili ni kujua tabia ya mti, na tabia haisomwi kwenye jani; hutokana na historia ya mti, kwa walioupanda, wakaula na kusimulia. Jani ni mlango wa historia hiyo. Asiyekuwa na historia, mlango huo haumfungulii kitu.

Mipaka mingine ya jani ni maradhi. Ugonjwa wa batobato, ulioelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na mtaalamu Warburg katika koloni la Wajerumani lililokuwa Tanganyika, huyafanya majani yawe na mabaka ya manjano, yajikunje na kupungua ukubwa. Mti ulioshikwa na batobato waweza kuonekana kama aina mpya yenye vidole vyembamba vilivyopinda, kumbe ni mti wa kawaida ulio mgonjwa. Batobato kali iliyoanzia Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 ilifika Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990, ikaharibu mashamba mengi. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioripotiwa mwaka 1936 na H. H. Storey wa kituo cha Amani katika milima ya Usambara, hujificha zaidi: huleta umanjano kando ya mishipa ya majani ya chini, huku mizizi ikioza ardhini bila mkulima kujua. Maradhi yote mawili huenezwa na inzi weupe na kwa pingili zenye ugonjwa. Kwa hiyo safu ya tano katika kadi za wanafunzi wako iwe hii: Je, jani ni zima? Kama si zima, umbo lake lisitumiwe kutaja aina, wala mti huo usikatwe pingili.

Yapo pia majina. Kanda ya Ziwa ina mihogo yenye majina kama Mkombozi na Rangi Mbili. Jina la Rangi Mbili ni zawadi kwa mwalimu: waulize wanafunzi rangi hizo wanadhani ziko wapi, kwenye kikonyo, kwenye shina, au kwenye ganda, na watafute ushahidi kabla ya kujibu. Lakini wasidhani jina linathibitisha nasaba. Uchunguzi wa vinasaba wa mihogo ya wakulima nchini Ghana, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa jina moja laweza kubeba mimea ya nasaba tofauti, na mimea ya nasaba moja yaweza kuwa na majina kadhaa. Wilaya ya Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Pingili huvuka na watu, na kila lugha huipa jina lake. Watoto wa nyumba mbili walioutajia mti mmoja majina mawili hawakuwa na sababu ya kuona haya. Mwalimu anayelifuta jina la Kishubi ubaoni ili abaki na moja "sahihi" anafuta ushahidi.

Kutokana na hayo, naomba kutoa mapendekezo machache kwa mwalimu mwanafunzi.

Kwanza, anza na tofauti zilizo ndani ya mti mmoja kabla ya tofauti kati ya mti na mti. Mtoto asiyejua kuwa jani hubadilika ndani ya mti mmoja ataona aina mpya kila anapogeuka.

Pili, usitumie ulimi kama chombo cha upimaji. Marufuku ya kuonja mizizi mibichi iandikwe kwenye andalio la somo na itamkwe kabla ya kutoka darasani. Waeleze sababu yake waziwazi. Marufuku isiyo na sababu huvunjwa njiani.

Tatu, mwalike mkulima, lakini mwalike kama mwalimu mwenzako. Mpe swali gumu ambalo darasa limeshindwa kulijibu, usimwombe tu asimulie mambo ya kale. Wanafunzi wataona kuwa maarifa ya nyumbani na ya shuleni yanakutana penye swali.

Nne, ubadilishe mtihani wako. Badala ya kuuliza, "Taja aina tatu za muhogo," mpe mtoto tawi na umwambie aandike mambo matatu: ninachokiona, ninachokidhania, na ninachohitaji kuuliza kabla ya kuamini. Nilipotumia swali hili, wanafunzi waliokuwa wa mwisho katika kukariri waliandika safu ya tatu ndefu kuliko wote, nami nikawatunukia alama zao zote.

Tano, shamba la shule liwe na kumbukumbu. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shamba liwe sehemu ya kujifunza, si mahali pa jasho tu. Katika shule nyingi jasho lilibaki na kujifunza kukapungua. Dawa yake ni nyepesi. Baada ya ziara ya bibi, darasa letu lilipanda mstari mmoja wa pingili zilizotoka katika miti mizima ya nyumbani kwao. Mbele ya kila shina kiliwekwa kibao cha ubao chenye mambo manne: majina yote unayojulikana kwayo, nyumba ulikotoka, mwezi na mwaka wa kupandwa, na jinsi nyumba hiyo inavyoutayarisha kabla ya kuula. Mtoto wa mwaka unaofuata atakapofika mbele ya shina hilo na kulishika jani lake, atakuwa na wa kumwuliza. Daftari la kumbukumbu hizo likabidhiwe kwa mwalimu anayepokea darasa, kama yanavyokabidhiwa madaftari ya mahudhurio.